Bei mnatuandikia kila wiki, kinachoilinda faida je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba msinikate sana maana jambo lenyewe linahitaji maelezo. Kwenye kurasa zenu za biashara mnatuwekea hisa zilizopanda na zilizoshuka Soko la Hisa la Dar es Salaam, asilimia ngapi, mauzo ya shilingi ngapi, na kwa hilo nashukuru. Lakini kiukweli ukisoma ile habari mwanzo mpaka mwisho hujui ile kampuni inapata hela yake wapi, wala ni kitu gani kinamzuia mwingine asije kuichukua hiyo hela. Na kwa mtu anayenunua hisa ili akae nazo miaka kumi na tano au ishirini, hilo ndio swali lenyewe, bei ya jana haimsaidii chochote.

Sahivi wanunuzi wa hisa wameongezeka kweli. Zamani mpaka ufunge safari kwa broka mjini, ujaze fomu, uache kopi ya kitambulisho, siku hizi kijana yuko Kahama au Tunduma anafungua Hisa Kiganjani kwenye simu anaweka oda huku anasubiri daladala. Nalifurahia sana hilo, maana soko lilikuwa la wachache mno. Ila mimi niko kwenye grupu la WhatsApp la wenye hisa, na naamini wasomaji wenu wengi wako kwenye magrupu ya namna hiyo, na maongezi ya mle ndani ni yale yale, ipi inapanda wiki hii, nani ana tetesi ya gawio, yaani ile faida wanayogawiwa wenye hisa, nani kasikia kuna mwekezaji wa nje anakusanya. Juzi kijana mmoja mwalimu wa sekondari katangaza anauza hisa zake zote za benki, alizokuwa anaziongeza kidogo kidogo tangu ameajiriwa, ahamie kwenye kampuni ambayo bei yake imepanda wiki mbili mfululizo. Nikamuuliza, mdogo wangu, hiyo kampuni inafanya kazi gani hasa? Akanijibu, kaka inapanda hiyo. Nikamuuliza tena, washindani wake ni kina nani? Kimya. Tiki mbili za bluu, basi.

Simlaumu hata kidogo, kwasababu ndicho anachosoma. Ndio maana naandika.

Biashara yoyote ikianza kulipa watu wanaikimbilia. Ukifungua banda la chipsi kwenye kona ukawa unauza vizuri, baada ya miezi michache hiyo kona ina mabanda manne na faida yako imegawanywa mara nne. Kampuni kubwa nazo ziko hivyo hivyo, tofauti ni kwamba chache kati yao zina kitu kinachofanya banda la pili lisifunguke kabisa, au lifunguke alafu life. Hicho kitu mimi nakiita kinga. Ukinunua hisa ya kukaa nayo unanunua hiyo kinga, maana faida ya mwaka huu kila mtu kashaiona na iko ndani ya bei tayari, kinachotakiwa kujulikana ni faida ya mwaka 2035 na 2040, na hiyo itakuwepo tu kama kuna kitu kinaizuia isiliwe na wengine.

Chukua saruji. Watu wanaona ni biashara ya kawaida, saruji ni saruji, fundi hana mapenzi ya kufa na kuzikana na nembo fulani, akikosa hii atachukua ile. Lakini saruji ni nzito sana na bei yake ni ndogo ukilinganisha na uzito wake, kwahiyo usafiri ndio unaoamua nani anauza wapi. Lori la tani 30 linabeba mifuko 600 ya kilo 50. Tuseme kulitoa mkoa wa mbali mpaka Dar ni milioni 1 na laki 8, hapo kila mfuko umeshabeba shilingi 3,000 kabla haujashushwa dukani, na mwenye kiwanda aliyeko humo humo mjini hiyo 3,000 haimhusu, anaweza kuiweka mfukoni au akaitumia kushusha bei mpaka mwenzake akome. Wenye saruji ya Twiga wako Wazo Hill, Dar, tangu 1966, mawe ya chokaa wanachimba hapo hapo kiwandani, na mji wenyewe umewafuata mpaka mlangoni, Tegeta, Bunju, Madale, kote huko watu wanajenga usiku na mchana.

Dangote alipofungua kiwanda chake Mtwara mwaka 2015, kiwanda cha uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, mtaani ilikuwa Twiga kwisha habari yake. Na kweli bei ya mfuko ilishuka, wajenzi tukafurahi, faida za viwanda vyote zikabanwa. Lakini kutoka Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilometa 500, na kila mfuko ulitakiwa uilipie hiyo barabara. Twiga hawakufa, waliendelea kutengeneza faida na gawio likaendelea kutoka. Hapo ndio nasema mtu aangalie, kwamba alikuja tajiri mkubwa kuliko wote Afrika, ana hela za kumwaga, ana mitambo mipya, na bado hakuweza kuihamisha Wazo Hill ikawa mbali na Dar.

Sasa hiyo kinga sio kwamba haina matundu. Wenye saruji ya Nyati wako Kimbiji, wa Camel wako Mbagala, hao nao ni wa Dar es Salaam hii hii, ile hoja ya kilometa haiwahusu. Alafu mawe yanahitaji ardhi, na wote tunaukumbuka ule mgogoro wa Chasimba wa miaka na miaka kati ya kiwanda na wananchi waliojenga kwenye eneo lenye malighafi. Anayetaka hisa ya saruji kwa miaka ishirini inabidi aulize mawe yaliyobaki yanatosha mpaka lini, ardhi iko salama kiasi gani, na reli na barabara zikiboreshwa ile 3,000 itashuka iwe ngapi, maana ikishuka mpaka 1,000 basi na kinga imepungua kwa kiasi hicho hicho. Hayo maswali hayamo kwenye bei ya jana jioni, na mwandishi akiamua kuyafuatilia anayapata, ni kupanda gari mpaka Wazo na kuongea na watu.

Benki nazo zina jambo lake na hili wengi hawalioni kabisa. Benki inauza hela, na hela zote zinafanana, noti ya elfu kumi ya benki hii ndio ile ile ya benki ile. Sasa anayeshinda ni yule anayeinunua hela kwa bei ndogo. NMB ilitokana na kugawanywa kwa ile NBC ya zamani, benki ya serikali, mwaka 1997, ikarithi matawi mpaka wilayani ambako hakuna benki binafsi iliyokuwa na hamu ya kwenda, na mishahara ya watumishi wengi ikapita humo. Mwalimu, nesi, bwana shamba, mshahara unaingia, anautoa kidogo kidogo mpaka mwezi uishe, na ile inayobaki kwenye akaunti benki hailipi riba ya maana. Wakati huo huo kuna benki ndogo pale mjini inawabembeleza matajiri na mashirika waweke amana za muda maalum kwa riba kubwa, maana haina pengine pa kuipata hela. Benki zote mbili zikimkopesha mtu yule yule kwa riba ile ile, ya kwanza inabaki na kitu kizito na ya pili inaambulia makombo, alafu ile ya pili ikitaka na yenyewe faida inone inabidi iwafuate wakopaji wa hatari waliokataliwa kwingine, na huko ndiko mikopo mibovu inakozaliwa.

Ongeza na hili. Mkopo wa mtumishi unakatwa kabla hajaushika mshahara wake. Na akitaka kuhama benki sio mchezo, mkopo mpaka uishe au benki mpya iununue, barua za mwajiri, fomu za utumishi, miezi miwili mitatu ya kuhangaika na mshahara kuchelewa, kwahiyo hata akipandishiwa makato kidogo analalamika weee alafu anakaa. Mimi naona hii ni kinga kubwa kuliko jengo la ghorofa na matangazo ya mpira, na haionekani mpaka ukae chini na taarifa za benki uangalie amana zinatoka wapi, za akaunti za kawaida ni kiasi gani na za muda maalum ni kiasi gani. Benki zote zinalazimika kuchapisha hesabu zake za kila robo mwaka kwenye magazeti, Mhariri, mnazichapa nyie wenyewe kama matangazo ya kulipia! Lile jedwali la maandishi madogo lina dhahabu mle ndani. Benki Kuu inataka mikopo chechefu, yaani ile mibovu isiyolipwa, isizidi asilimia 5 na gharama zisizidi asilimia 55 ya mapato, msomaji akifundishwa mistari hiyo miwili tu anaweza kuziweka benki sita pembeni kwa pembeni na akaona nani anaogelea na nani anazama.

NMB iliuzwa kwa wananchi mwaka 2008 kwa shilingi 600, leo hisa yake inahesabiwa kwa maelfu. CRDB iliuzwa 150 mwaka 2009, ikapanda ikapita 400, mwaka 2015 wakawauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350, alafu zikaja zile nyakati ngumu za mikopo mibovu kwenye sekta nzima na bei ikarudi mpaka chini ya ile 150 ya mwanzo. Nawafahamu watu waliouza kwa hasira kipindi kile. Ukiwauliza kwanini wanakwambia bei ilishuka. Lakini matawi yalikuwepo, wateja walikuwepo, wakulima na wafanyabiashara walikuwa bado wanaweka hela zao pale, kinga haikuwa imeondoka, kilichoumia ni faida ya miaka miwili mitatu, na baadaye benki ikapona na bei ikapanda mpaka sehemu ambayo 350 yenyewe inaonekana ndogo. Mtu aliyekuwa anajua anamiliki nini alikuwa na sababu ya kutulia, na aliyekuwa anajua bei tu hakuwa na sababu yoyote.

Kuna kinga za aina nyingine ambazo mimi naziogopa, nazo ni zile za kuazimwa. Swissport Tanzania, ile iliyoanza mwaka 1985 kwa jina la DAHACO, kwa miaka mingi ndio iliyokuwa ikihudumia ndege na mizigo uwanja wa Dar es Salaam bila mshindani wa maana. Ilikuwa hisa tamu kweli kweli, gawio nono, wazee wengi waliipenda, na kwa karatasi ukiangalia faida kwa mtaji uliowekwa ilikuwa inazipita kampuni nyingi sokoni. Lakini ule upekee haukuwa mali yake, ulikuwa kwenye leseni, na leseni anatoa mwingine. Serikali ilipoamua kufungua mlango, wakaingia washindani wapya, mashirika ya ndege yakapata pa kukimbilia yakiongezewa bei, na hisa ikaporomoka zaidi ya nusu kutoka kileleni, na baadaye corona ikaja kusimamisha ndege zenyewe. Kampuni haikuwa mbaya na wafanyakazi wake hawakuwa wazembe. Ila mwenye hisa alitakiwa ajiulize mapema, hii faida inategemea saini ya nani?

Wenzetu wa Kenya wana mfano mchungu zaidi, Mumias Sugar. Iliingia soko la Nairobi mwaka 2001, kampuni kubwa ya sukari kuliko zote nchini kwao, na sukari ya Kenya ilikuwa inalindwa dhidi ya sukari ya bei rahisi kutoka nchi za COMESA, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Mtu angesema hapo umelala salama. Kumbe ulinzi wa mpakani unazuia wa nje tu, hauzuii viwanda vipya vya jirani kuwafuata wakulima wale wale na kuwalipa haraka kuliko wewe, wala hauzuii uongozi mbovu, na miwa ilipoanza kwenda kwingine mitambo ikakosa cha kusaga. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya mfilisi na benki iliyokuwa inaidai. Wakulima wa Kakamega na Bungoma wenye hisa, waliokuwa wanauza miwa hapo hapo, walipoteza kotekote. Linaniuma hilo.

Na sio kila jina kubwa ni kinga. Betri za Eveready, zile za paka, nani hazikumbuki, redio ya babu na tochi ya kwenda msalani usiku vyote vilikuwa vinazitegemea. Kampuni iliingia soko la Nairobi mwaka 2006, watu wakazigombania hisa kwasababu jina lenyewe lilikuwa linajulikana na kila mtoto. Lakini betri za bei chee kutoka China zilishaanza kujaa madukani, na mteja wa betri akipungukiwa shilingi kumi haangalii paka, anaangalia bei, na zaidi ya hapo tochi yenyewe ikahamia kwenye simu na taa ikahamia kwenye sola. Mwaka 2014 kiwanda cha Nakuru kikafungwa. Jina lilibaki kichwani mwa watu ila haliwezi kumfanya mteja alipe zaidi, na jina lisiloweza kumfanya mteja alipe zaidi halimlindi mwenye hisa. Linganisha na See's Candies, kiwanda cha pipi na chokoleti cha California ambacho yule mwekezaji maarufu wa Marekani, Warren Buffett, na mwenzake Charlie Munger walikinunua mwaka 1972 kwa dola milioni 25. Kila mwaka bei ilikuwa inapandishwa kidogo na wateja wakabaki, maana kwa watu wa kule kumpelekea mtu boksi lile sikukuu ina maana yake, hawezi akampelekea la bei rahisi. Bila kuongeza mitambo mingi faida ikawa inapanda tu, na ile hela wakainunulia biashara nyingine.

Simu naomba niziongelee kwa kirefu kidogo kwasababu hapo ndipo watu wengi wanachanganya. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kwetu Aprili 2008, jina lile lile, kazi ile ile. Kenya, Safaricom ilikuwa na wateja wengi kupita wote tangu mwanzo, kwahiyo mtu alijiunga kwasababu mama yake kijijini yuko humo, na wakala akaweka kibanda kwasababu wateja wako humo, na duka likaweka namba ya kulipia kwasababu wote wako humo, na kila anayeingia anamfanya anayefuata asiwe na sababu ya kwenda kwingine. Hiyo kinga inajijenga yenyewe, hata mteja aliporuhusiwa kuhama mtandao na namba yake mwaka 2011 watu hawakuhama kivile. Kwetu huku mitandao ilikuwa inakabana koo kuanzia mwanzo, kila mtu ana laini mbili au tatu, wakala mmoja ana mabango ya mitandao yote, na kuanzia 2014 mitandao ikaanza kuunganishwa ili hela itoke huku iende kule, Vodacom nao wakaungana na wenzao 2016. Kwa mwananchi ni neema kubwa na mimi naitumia kila siku. Kwa mwenye hisa maana yake ni kwamba ule mnyororo wa kumfunga mteja umelegezwa. Vodacom Tanzania iliuzwa mwaka 2017 kwa shilingi 850 na miaka kadhaa baadaye bado hisa ilikuwa chini ya hapo, na katikati yake Julai 2021 zikaja tozo za miamala, watu wakarudi kwenye kubeba hela mkononi mpaka tozo zikapunguzwa. Kwahiyo mtu akikwambia nunua kampuni ya simu kwasababu M-Pesa imemtajirisha mwenye Safaricom, mwambie asubiri kwanza, tuangalie ni wapi na mteja amefungwa na nini.

Na hata kinga ikiwa ya chuma, bei unayolipa ina sehemu yake. Safaricom iliuzwa shilingi 5 za Kenya mwaka 2008, umati ukapanga foleni mabenki, wengi wakapewa hisa chache kuliko walizoomba, alafu ndani ya mwaka mmoja bei ikaanguka chini ya 3. Waliotulia wakaja kuiona inapita 40 mwaka 2021. Sasa kuna watu waliingia pale kwenye 40 kwasababu kampuni ni bora, na ni bora kweli, lakini 2023 ilikuwa chini ya 15. Kampuni ile ile, wakala wale wale, kilichobadilika ni matumaini yaliyokuwa yamewekwa kwenye bei, pamoja na wawekezaji wa nje kuondoa hela zao na gharama za kuanzisha mtandao Ethiopia. Coca-Cola yenyewe, ambayo Buffett alianza kuinunua mwaka 1988, aliyeinunua kileleni mwaka 1998 alisubiri zaidi ya miaka kumi kuiona bei ile tena. Nasema hivi kwasababu kuna vijana wakishaelewa habari ya kinga wanadhani wamemaliza, wananunua chochote kwa bei yoyote.

Sigara sitainunua, hilo ni la dhamira yangu. Ila nikiri kama mfano ni kinga kali, maana sheria inapobana matangazo ya sigara, chapa mpya haina pa kujitambulishia, anayenufaika ni aliyekwisha kujulikana, na TCC, kampuni ya sigara ya Chang'ombe, amejulikana tangu enzi za Uhuru. Kila mtu ataamua kwa imani yake.

Jambo lingine dogo lakini linahusu mfuko. Soko letu lina hisa nzuri ambazo hazitembei, kampuni mama ya nje imeshika sehemu kubwa na zilizobaki zimelala kwa wazee, unaweza kuweka oda ukakaa wiki. Kwa anayecheza na bei hiyo ni balaa. Kwa anayekaa miaka haina shida sana ili mradi asiweke hela ya ada ya mtoto. Na kuuza na kununua kila mwezi kunaliwa na kamisheni, wakati gawio la kampuni iliyoorodheshwa linakatwa kodi ya zuio asilimia 5 tu, na mwananchi wa kawaida mwenye hisa zake chache akiuza sokoni hadaiwi kodi ya ongezeko la mtaji. Gharama zenyewe zinampendelea anayekaa, sasa kwanini tunafundishana kukimbia?

Nikija kwenye mikutano mikuu ya wanahisa, mingi siku hizi inafanyika mtandaoni, unaandika swali lako linasomwa. Sikilizeni maswali yanayosomwa. Gawio mbona dogo, gawio litaingia lini, namba yangu ya simu imebadilika, mbona sikupata ujumbe. Yote halali. Lakini husikii mtu anauliza, mwaka huu mlipandisha bei je wateja wangapi waliondoka? Yule mshindani aliyefungua kiwanda mwaka juzi kawachukulia sehemu gani? Mkataba wenu na serikali unaisha lini na usipoongezwa mnabaki na nini? Hii faida iliyopanda imetokana na mauzo au mmeuza kiwanja? Wakurugenzi wanaondoka wamepumua. Na sababu mojawapo iko wazi, ripoti za mwaka kwa sehemu kubwa zinaandikwa kwa Kiingereza kigumu, kurasa mia na kitu, picha za kupendeza mbele na mambo ya maana yamefichwa nyuma kwenye maelezo ya hesabu. Mwanahisa wa Namtumbo aliyeuza korosho zake akanunua hisa anatumiwa kitabu ambacho hawezi kukisoma, alafu tunasema elimu ya uwekezaji iko chini.

Kwahiyo Mhariri ombi langu ni hili, na nalileta kwa heshima. Ule ukurasa wa hisa endeleeni nao, lakini kila wiki chukueni kampuni moja tu kati ya zilizoorodheshwa, mtuambie kwa Kiswahili cha kawaida inauza nini, inamuuzia nani, nani anataka kuipokonya, na ni kitu gani kimemzuia mpaka leo, na je hicho kitu ni chake au ameazima. Wekeni faida yake ya miaka kumi, sio ya robo mwaka, tuone ilivyokuwa mwaka wa shida. Tumeni mwandishi aende kiwandani na dukani, aongee na madereva wa malori, mawakala na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, hao wanajua nani anapanda na nani anashuka kabla ya soko. Na kampuni zinapoleta matangazo yao ya hesabu kwenu, waulizeni kwanini hayana ukurasa hata mmoja wa Kiswahili kinachoeleweka, nyie wanawasikiliza kuliko sisi. Mkianza, anzeni na saruji, msimu wa ujenzi unakuja na kila mtu atakuwa anauliza bei ya mfuko.

Msomaji wenu,
Morogoro